Sura ya Sita: Pumba Ndani ya Udongo

Mtungi wa maji unaotoka jasho ni kauri yenye vinyweleo. Udongo wake ulipochomwa haukuziba kabisa: kati ya chembe na chembe zilibaki njia nyembamba, na maji huzipita polepole hadi nje, yakakaushwa na hewa. Kukauka huko hula joto. Mtungi wa lita 20 ukipoteza mililita 200 tu za jasho, maji yanayobaki yangepoa karibu nyuzi 6 za Sentigredi kama joto la nje lisingekuwa linaingia. Fundi wa masinki na vikombe huhesabu tundu kuwa kasoro. Kwa kauri inayozungumzwa katika sura hii, tundu ndiyo bidhaa, na udongo ni ukuta wa kulishikilia.

Kuna njia nyingi za kuliweka tundu hilo mahali pake, na iliyo rahisi kuliko zote ni kuchanganya udongo na kitu kitakachoungua. Hapo ndipo taka za viwandani zinapoingia. Maganda ya mpunga, maranda ya mbao na vumbi la mkaa hufinyangwa pamoja na udongo, huungua ndani ya tanuri, na kila punje huacha nafasi yenye umbo lake. Taka nyingine, kama mifupa na chupa, haziachi nafasi bali zenyewe hugeuka kuwa mwili wa kauri.

Vitundu hivyo hufanya kazi za namna mbalimbali. Hewa iliyofungwa ndani yake haisogei, na hewa tulivu ni mpitishaji dhaifu wa joto. Tofali la kawaida la kuchoma hupitisha joto kwa kiwango cha kati ya wati 0.6 na 1 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Tofali jepesi la kuzuia joto hushuka hadi 0.3 na hata chini zaidi. Wajenzi wa matembe katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walijikinga na jua kwa unene wa udongo usiochomwa. Tofali lenye vinyweleo hutafuta kinga ya aina hiyo kwa unene mdogo zaidi, tena mahali ambapo udongo mbichi haungestahimili moto.

Kazi nyingine ni kuchuja, na historia yake inaugusa mkoa wa Tabora kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 1884 Charles Chamberland, mwenzake Louis Pasteur mjini Paris, alitengeneza bomba la kauri isiyopakwa rangi ya kioo, lenye vitundu vidogo kiasi cha kuwazuia bakteria. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichukua utomvu wa majani ya tumbaku yaliyokuwa na ugonjwa wa mabaka, akaupitisha kwenye chujio la aina hiyo, na utomvu uliochujwa ukaendelea kuambukiza mimea mizima. Kilichopita ni kile ambacho baadaye kiliitwa kirusi. Kwa hiyo ugonjwa wa tumbaku, zao ambalo Tabora inalijua kuliko mikoa mingi, ndio ulioonyesha mpaka wa chujio la kauri: linazuia bakteria, lakini haliwezi kuaminiwa peke yake mbele ya virusi.

Vitundu hutofautiana pia kwa namna vinavyoungana. Vilivyo wazi hushikana kama vyumba vyenye milango, na maji hupita. Vilivyofungwa ni vyumba visivyo na mlango. Chujio huhitaji vya kwanza. Tofali la kuzuia joto huridhika na vyovyote, ingawa vilivyofungwa ni bora kwake kwa sababu havinywi maji ya mvua. Gharama ya vitundu ni nguvu. Mwaka 1953 mtafiti Ryshkewitch alionyesha kwamba nguvu ya kauri hupungua kwa kasi kila vinyweleo vinapoongezeka: kwa kauri alizopima, asilimia 10 ya vinyweleo huondoa kati ya theluthi na nusu ya nguvu. Anayetaka tofali jepesi la kubeba ghorofa anataka vitu viwili visivyokaa pamoja.

Viwanda vikubwa vina mbinu zao. Mwaka 1963 ilisajiliwa Marekani hati ya mbinu ya Schwartzwalder na Somers: sponji huchovywa katika uji wa udongo, hukamuliwa, kisha huchomwa mpaka yenyewe inatoweka na kubaki nakala yake ya kauri. Kauri za namna hiyo huchuja metali iliyoyeyuka katika viwanda vya kusubu. Wengine hupiga uji wa udongo mpaka utoe povu, au huchoma unga wa kauri kwa joto pungufu ili chembe zishikane kwenye ncha tu. Mbinu hizi huhitaji kemikali na mitambo ambayo karakana ya wilayani haina. Pumba inayo.

Chukulia karakana kama hiyo ikiwa Choma. Choma iko Wilaya ya Igunga, upande wa kaskazini wa mkoa wa Tabora, katika nchi ya majaruba. (Jina la mahali, kwa sikio la Mswahili, ni amri ya kazi yenyewe.) Mpunga wa Igunga na Nzega hukobolewa na mashine za hapo hapo, na kila kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za maganda. Watu huita yote pumba, ila fundi wa kauri hana budi kutofautisha. Pumba laini ina mafuta na wanga na ni chakula cha kuku na nguruwe. Pumba ngumu, yaani ganda lenyewe, haina mlaji. Mashine ndogo za hatua moja hutoa zote mbili zikiwa zimechanganyika, nazo zinahitaji kupepetwa kwanza, kwa sababu pumba laini huungua kwa moshi mzito na huoza upesi udongo ukiwa bado mbichi.

Ganda la mpunga lina tabia moja ambayo maranda hayana. Likiungua haliishi lote: karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake hubaki kama jivu, na jivu hilo ni silika kwa asilimia 85 hadi 95. Silika ndiyo uti wa mgongo wa mchanga, wa kioo na wa udongo wa mfinyanzi. Maana yake punje ya pumba huacha tundu na wakati huo huo huacha kiunzi chembamba cha silika ndani ya tundu hilo. Maranda ya mninga kutoka mashine za mbao huacha tundu safi zaidi na jivu dogo. Kwa tofali la moto pumba inafaa zaidi. Kwa chujio, mafundi wametumia vyote viwili.

Udongo ndio unaosumbua. Udongo mweusi wa mbuga, unaofaa sana kwa mpunga, huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, na tofali lake likianikwa juani hufunguka nyufa kabla halijaona moto. Pumba husaidia hapa pia: hufungua njia za maji kutoka na hupunguza kusinyaa. Isichoweza kuondoa ni vipande vyeupe vya chokaa vilivyomo katika udongo wa mbuga wa sehemu nyingi. Vikichomwa hugeuka chokaa hai. Tofali hutoka tanurini likiwa zima, kisha baada ya siku chache za unyevu vipande hivyo huvimba na kulibomoa kutoka ndani. Udongo wa namna hiyo huchekechwa kwa uangalifu au huachwa, na fundi akatafuta wa kichuguu au wa kingo za mto.

Kosa la kawaida zaidi ni la kipimo. Watu hupima kwa ndoo, lakini ndoo ya pumba nzima ina uzito mdogo sana: mita moja ya ujazo ya pumba ina takriban kilo 100, ilhali ya udongo mkavu uliopondwa hupita kilo 1,000. Ndoo moja kwa ndoo moja, ambayo machoni ni nusu kwa nusu, kwa uzito ni chini ya asilimia 10 za pumba. Pumba ikisagwa ndoo hiyo hiyo hubeba zaidi, na mapishi ya jana hayafanani tena na ya leo. Mizani ya dukani inatosha kuondoa utata huu, nayo ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua. Kwa vyungu vya kuchujia, mchanganyiko unaotumika sehemu nyingi za dunia ni karibu sehemu nne za udongo kwa moja ya pumba au maranda kwa uzito, vyote vikiwa vimesagwa na kuchekechwa hadi punje zisizozidi milimita moja hivi. Tofali la kuzuia joto halidai usahihi huo wa punje. Hata pumba nzima hufaa.

Baada ya kukandwa, udongo hulazwa usiku mmoja au zaidi chini ya turubai ili maji yaenee. Kufyatua hufanywa kwa kibao cha kawaida. Kukausha hufanywa kivulini, na ni bora kuchelewa wiki moja kuliko kuharakisha siku moja.

Kuchoma ndiko kunakotaka akili, maana tofali lenye pumba limebeba kuni zake tumboni. Kilo moja ya maganda makavu hutoa takriban megajuli 14. Kwa hiyo kilo moja ya tofali lenye pumba asilimia 20 ina karibu megajuli 2.8 ndani yake, kiasi kinachoweza kufikia hata kupita mahitaji yote ya tofali hilo katika tanuri zuri. Wachoma tofali wa nchi za mpunga wamezoea kutumia pumba kama kuni, wakiirundika ndani na kandokando ya tanuri ili iungue taratibu kwa siku kadhaa. Hapa pumba imo ndani ya tofali lenyewe, na moto ukishaanza hauzimwi kwa kutoa kuni. Tanuri linaloachwa lipande joto haraka kati ya nyuzi 300 na 600 hujiwasha lote kwa mkupuo, na matofali hupasuka au huyeyuka kingo.

Kwa hiyo hatua huwa hivi. Hadi nyuzi 100 na kidogo, moto ni mdogo sana, wa kutoa maji yaliyobaki. Mvuke ukifungiwa hupasua. Kuanzia 300 hadi 600 pumba huungua, na hewa lazima ipite kwa wingi. Kiwango hicho hicho cha joto kina mitego yake mingine: karibu na nyuzi 450 na kuendelea udongo hupoteza maji yaliyofungamana na madini yake, na kwenye nyuzi 573 punje za mchanga wa kwatzi hubadili umbo ghafla na kuvimba. Saa chache za subira hapa huokoa tanuri zima. Baada ya hapo joto hupandishwa hadi 850 au 950, mahali chembe za udongo zinaposhikana. Likipita sana, udongo huanza kuyeyuka na kuziba vitundu vile vile vilivyogharimiwa.

Tofali hupasuliwa ili kusoma moto wake. Kiini cheusi kinaonyesha kwamba kaboni ya pumba haikupata hewa ikabaki ndani. Kwa tofali la ukuta kiini hicho si hatari kubwa. Kwa tofali la jiko ni dosari, na kwa chujio ni sababu ya kulitupa.

Vinyweleo vyenyewe hupimwa kwa mizani na ndoo ya maji, kwa kanuni ya Arkimedi. Tofali hupimwa kavu, huchemshwa ndani ya maji ili hewa itoke, hupimwa likiwa limening'inizwa majini, kisha hupimwa hewani likiwa limelowa. Tuseme kavu ni gramu 1,800, majini 1,100, na lililolowa 2,500. Tofauti ya vipimo viwili vya mwisho, 1,400, ndiyo ujazo wote kwa sentimita za ujazo. Maji yaliyonyonywa ni 700. Nusu ya tofali hilo ni tundu. Kipimo hiki hakioni vitundu vilivyofungwa, lakini kwa karakana kinatosha kulinganisha tanuri moja na jingine.

Tofali kama hilo lina kazi nyingi Tabora. Mabani ya kukaushia tumbaku hula kuni za miombo, na sehemu ya joto la majiko yake hupotelea kwenye kuta kabla halijafika kwenye majani. Ukuta wa jiko uliojengwa kwa tofali la pumba, nyuma ya safu nyembamba ya tofali gumu linalopokea moto na magogo, hubakiza joto ndani. Mpangilio wa safu mbili ni wa lazima, maana tofali laini likigongwa na kuni humeguka. Jiko la kauri la Kenya, lililoanza kuenea miaka ya mwanzo ya 1980 na kuzaa ndugu zake Tanzania na Uganda, lilikwenda njia inayofanana: bakuli la udongo wa kuchoma ndani ya bati, na kati yao tabaka la kuzuia joto la saruji na vemikulaiti, madini mepesi yanayovimba kwa moto. Mahali vemikulaiti haipatikani, udongo wenye pumba au maranda hushika nafasi hiyo kwa bei ya kusomba tu.

Chungu cha kuchujia ni jambo la daraja jingine. Kilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos, na shirika la Potters for Peace likakieneza duniani. Nchini Uganda, SPOUTS of Water hukitengeneza kwa jina la Purifaaya. Kina umbo la chungu cha maua kisicho na tundu chini, hubeba takriban lita 8 hadi 10, huning'inizwa ndani ya ndoo yenye bomba, na hupitisha kama lita 1.5 hadi 3 kwa saa. Hupakwa chembe laini za madini ya fedha ili kuua bakteria waliokwama. Utengenezaji wake unafanana na ule wa tofali kiasi cha kumdanganya mtu. Tofauti iko kwenye adhabu ya kosa: tofali baya humegua ukuta, ilhali chungu kibaya humpa mtoto maji machafu ambayo familia inayaamini. Kila chungu lazima kijazwe na kupimwa mwendo wake; kinachovuja haraka kuliko kiwango huvunjwa, hata kama ni kizuri kwa macho, na sampuli hupelekwa maabara. Karakana isiyo na uwezo wa kuvunja vyungu vyake yenyewe ianze na tofali, ibaki hapo miaka miwili, ndipo ifikirie chujio. Vigae vya vilivyovunjwa havipotei. Vikisagwa hurudi kwenye udongo mpya kupunguza kusinyaa, desturi ambayo wafinyanzi wa Afrika wanaijua tangu zamani.

Mfupa hufuata kanuni nyingine. Mfupa wa machinjioni, ukichomwa kwa hewa kidogo kwenye nyuzi 400 hadi 500 hivi, hubaki mweusi, mkavu na wenye vitundu vidogo sana. Mwili wake ni fosfeti ya kalisi, na fosfeti hiyo huvuta floraidi kutoka kwenye maji. Kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kimefanya kazi hiyo, na huko Nakuru, Kenya, idara ya maji ya Jimbo Katoliki imetengeneza mkaa wa mifupa kwa ajili ya visima vya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mfupa ukipewa hewa nyingi na moto mkali hugeuka mweupe na kupoteza sehemu kubwa ya uwezo huo. Ukipewa moto pungufu huyapa maji harufu ya mchuzi. Zaidi ya hayo, Waislamu na wengine huuliza ni mfupa wa mnyama gani na alichinjwa vipi. Swali hilo lijibiwe kabla ya kuwasha tanuri.

Chupa zilizovunjika hutoa povu la kioo. Kioo husagwa kuwa unga laini, huchanganywa na chokaa kidogo au maganda ya mayai yaliyosagwa, na kupashwa moto hadi nyuzi 800 au 900. Kioo kinalainika, chokaa inatoa gesi, na mkate unaumuka. Vitundu vyake vingi vimefungwa, ndiyo maana kipande chake huelea majini. Kusaga ndiko kunakokwamisha: unga lazima uwe laini kama wa ngano, na mashine ya mahindi haikutengenezwa kwa kioo.

Imebaki taka moja ambayo mkoa huu na majirani zake wanayo kwa wingi, nayo hupendekezwa mara kwa mara na watu wenye nia njema. Ni marudio, mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega, Kahama na Geita. Kwa macho ni malighafi kamili, kwani tayari ni unga, na una kwatzi tele. Lakini uliooshwa kwa zebaki hubaki na zebaki, na miamba ya dhahabu mara nyingi huwa na aseniki pia. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, muda mrefu kabla udongo haujaanza kushikana, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Tanuri la tofali limejengwa ili hewa ipite na itoke, kwa hiyo zebaki yote iliyomo itatoka nayo na kuangukia mchoma tofali, majaruba na visima vilivyo jirani. Tofali lenyewe litaonekana safi, na mnunuzi hatajua lolote. Kwa karakana ya Choma jibu ni moja: pumba iingie tanurini, marudio yabaki nje.